Saa Isiyo na Mahali: Saa ya Nani?

Ukivuka mpaka wa Bunagana kutoka upande wa Congo kuingia Uganda, unatembea hatua chache tu na tayari umezeeka lisaa limoja. Goma, Bukavu, Uvira na Bunia ziko masaa mawili mbele ya saa ya dunia, ile wanayoiita UTC. Kampala, Nairobi na Dodoma ziko masaa matatu mbele. Kinshasa, mji mkuu wa hao hao watu wa Goma, iko lisaa limoja tu mbele. Kigali na Bujumbura zinaenda pamoja na Goma. Kwa hiyo aliyetoka Uvira kwa barabara hadi Bujumbura hakugusa saa yake, na jirani yake aliyepanda boti akashukia Kigoma alipaswa kuisogeza. Wenzetu wa Dzaleka kule Malawi na Meheba kule Zambia wako na saa ya Goma. Sisi wa Nakivale, pamoja na wa Nyarugusu na Kakuma, tuko na saa ya Nairobi.

Haya tunayajua bila kufundishwa na mtu. Ndugu akipiga simu kutoka Goma akisema "nitakutafuta saa mbili usiku," tunamuuliza palepale: ya kwenu au ya kwetu? Mama ambaye hakuingia darasani anauliza hivyo. Mtoto wa miaka tisa anauliza hivyo. Lakini kompyuta zinazobeba majina yetu, siku tuliyofika, chanjo ya mtoto, randevu ya ofisini, siku ya kuzaliwa, nyingi haziulizi. Zinaandika 2024-03-15 02:10 na kufunga daftari. Ya wapi? Kimya.

Leo tunaandika juu ya huo ukimya. Kuna watakaosema mambo ya kanzidata, zile databesi, ni ya mafundi, sisi vijana wa kambini yanatuhusu nini. Tunasema yanatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Msimamo wetu ni huu: saa iliyohifadhiwa bila mahali pake si kumbukumbu, ni kubahatisha. Na bahati ikikataa, hasara haimfikii aliyetengeneza mfumo wala aliyeununua. Inaletwa kwa mkimbizi.

USIKU MMOJA, TAREHE MBILI

Chukua familia inayovuka usiku. Wengi wetu tulivuka usiku, hilo halina haja ya maelezo. Kwa saa ya Kampala ni 02:10, yaani saa nane na dakika kumi usiku, tarehe 15 Machi. Anayewapokea anaandika kwenye karatasi: 15 Machi. Kisha anajaza fomu kwenye simu, fomu inapanda kwenye seva iliyowekwa UTC, na seva inaandika 14 Machi, 23:10. Msimamizi aliye Geneva anafungua kwenye meza yake. Katikati ya Machi wao wako lisaa limoja mbele ya UTC, kwa hiyo yeye anasoma 15 Machi, 00:10. Na ndugu waliobaki Goma wanakumbuka kwamba ilikuwa saa saba na dakika kumi usiku.

Hapo hakuna aliyedanganya. Ni dakika ile ile moja, imeandikwa kwa saa za miji tofauti. Shida inaanza pale mtu anapotunza namba na kuutupa mji. Mwaka ukipita, orodha inatoka: waliofika tarehe 14 na kabla yake watapata hiki, waliofika kuanzia tarehe 15 wasubiri. Nani atajua kwamba ile 14 ni ya seva na ile 15 ni ya Uganda, kama hakuna safu yoyote iliyoandikwa mahali?

Na kwetu sisi tarehe si kitu kidogo. Mtu anayeomba hifadhi anaulizwa hadithi yake mara nyingi, na watu tofauti, kwa miaka tofauti, na anapimwa kwa kufanana kwa majibu yake. Akisema alifika tarehe 15 na skrini ikasema 14, skrini haitoki jasho. Yeye ndiye anayeangaliwa kwa jicho la pembeni. Eti, "mbona maelezo yako yanagongana?" Hayagongani, mheshimiwa. Ni seva yenu ambayo haijasema ilikuwa inasoma saa ya wapi.

MTOTO WA TAREHE 1 JANUARI

Tuje kwenye siku ya kuzaliwa. Utaratibu tunaufahamu: ukifika bila cheti, na wazazi wanakumbuka mwaka tu, unaandikwa 1 Januari. Ndiyo maana darasani kwetu watu wengi wanaongeza mwaka siku moja, na keki hakuna. Tunacheka nayo. Lakini kwa kompyuta, kati ya siku zote za mwaka, hiyo ndiyo tarehe ya hatari zaidi.

Sababu ni hii. Kuna mafundi ambao badala ya kuhifadhi siku ya kuzaliwa kama siku, wanaihifadhi kama dakika: 1 Januari 2008, saa 00:00. Fomu imejazwa Uganda, basi mashine inachukua 00:00 ya Kampala, inatoa masaa matatu ili kupata UTC, inahifadhi 31 Desemba 2007, 21:00. Kesho yake ripoti inakata saa na kuacha tarehe peke yake. Tayari, mtoto amezaliwa 2007. Kwenye kalenda amesogezwa siku moja. Kwenye fomu inayouliza mwaka, amesogezwa mwaka mzima.

Hata usipoweka saa, mtego upo. Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa nyingi sana za intaneti, ukiipa maandishi "2008-01-01" peke yake inayasoma kuwa usiku wa manane wa UTC. Ukiangalia kutoka Kampala kwa saa ya Kampala utaona 1 Januari. Ofisa akiangalia kutoka New York, ambako majira ya baridi wako masaa matano nyuma ya UTC, ataona 31 Desemba 2007, saa moja jioni. Fomu ile ile, mtoto yule yule, miaka miwili ya kuzaliwa.

Fikirieni maana yake. Nafasi ya masomo ni ya waliozaliwa kuanzia 2008: huyu yuko nje. Karatasi ya shule inasema 2008, faili ya ofisi inasema 2007: faili inasimamishwa "kwa uhakiki", na uhakiki ukianza hakuna anayekuambia utaisha lini. Kisha kijana anaambiwa alete uthibitisho wa siku aliyozaliwa. Yeye! Aliyeandikwa 1 Januari kwa sababu hiyo hiyo, kwamba uthibitisho hana!

Na dawa yake ni nyepesi mpaka inaumiza. Siku ya kuzaliwa si dakika. Haina saa, haina ukanda, haivuki mpaka pamoja na mtu. PostgreSQL na MySQL, zote mbili zina aina ya data ya tarehe tupu, isiyobeba saa. Itumike hiyo, basi. Na pembeni yake iwekwe safu moja ya kusema kama tarehe imethibitishwa au imekadiriwa, ili hiyo 1 Januari ijulikane ni ya karatasi tu.

SOMO LA JUBA

Mafundi waliosoma watatuambia: "Hayo ni ya zamani. Hifadhi kila kitu kwa UTC, mazungumzo yameisha." Hapo tunakubaliana nao nusu. Kwa jambo lililokwisha kutokea, ndiyo. Dakika familia ilipovuka, dakika chanjo ilipodungwa, dakika fomu ilipotumwa: hifadhi kwa UTC, na pembeni andika ilitokea wapi. Lakini kwa jambo linalokuja, UTC peke yake inaweza kukuuza.

Mfano uko hapa jirani. Sudan Kusini ilikuwa masaa matatu mbele ya UTC, sawa na Uganda na Kenya. Ilipoanza tarehe 1 Februari 2021 ikarudi nyuma lisaa limoja, ikawa masaa mawili mbele. Sasa chukua randevu iliyopangwa Desemba 2020: Juba, 10 Februari 2021, saa nne asubuhi, 10:00. Mfumo umeigeuza siku ile ile kuwa 07:00 UTC na kuyatupa maneno ya mwanzo. Februari ikifika, mfumo unaongeza masaa mawili, si matatu tena, na kumwambia mtu aje 09:00. Ofisi inaanza kuita majina 10:00 kama ilivyoahidi. Hapo mtu amekaa lisaa limoja kwenye jua, na tuseme ana bahati. Nchi ingesogea upande wa pili angechelewa, na anayechelewa tunajua jina lake linavyorukwa. Kusogea upande wa pili si hadithi ya kubuni: Sudan ilisogeza saa mbele Januari 2000, ikairudisha nyuma Novemba 2017.

Randevu ni ahadi, na ahadi ina maneno yake: "saa nne asubuhi, Juba." Hayo maneno ndiyo ya kuhifadhi, saa ya ukutani pamoja na jina la mahali. UTC ihesabiwe kutoka kwenye maneno hayo kila inapohitajika, kwa kanuni ya siku hiyo.

Wengine wanadhani wakiandika +03:00 wamemaliza. Hapana. +03:00 ni umbali kutoka UTC, si mahali. Kabla ya Februari 2021 Juba na Kampala zote zilikuwa +03:00, baadaye zikaachana. Aliyeandika umbali peke yake hana namna ya kujua nani aliondoka na nani alibaki. Aliyeandika Africa/Juba na Africa/Kampala analala usingizi. Majina hayo yapo tayari, kama yalivyo Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi kwa nchi ile ile moja ya Congo. Yanatoka kwenye orodha ya kanda za saa za dunia nzima, iliyoanzishwa na Arthur David Olson na ambayo leo inatunzwa chini ya IANA. Ni ya bure. Iko ndani ya simu za Android na ndani ya seva za Linux. Ila inabadilika kila serikali inapobadilisha saa zake, na simu ya zamani isiyopata masasisho inabaki na kanuni za zamani. Sasa jiulizeni kambini tunatumia simu za namna gani.

Tena kuna lisaa lililopita mara mbili. Usiku wa tarehe 31 Januari 2021 kuamkia 1 Februari, Juba ilipofika usiku wa manane saa zilirudi 23:00. Aliyeandikiwa "23:30" usiku ule bila kingine chochote, alikuja kwenye 23:30 ya kwanza au ya pili? Namba tupu haiwezi kujibu. UTC inajibu bila kusita.

Kwa walio na ndugu Marekani, Kanada au Ulaya, jambo hili linarudi kila mwaka. Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Kipindi cha mtandaoni kinachoanza 10:00 ya New York, kwetu ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi yao, na saa kumi na moja jioni wakati wa joto lao. Mfumo ulioganda kwenye saa kumi na mbili, kuanzia katikati ya Machi unawaleta vijana wakati mwalimu anaaga. Kisha kwenye ripoti wanaandikwa "mahudhurio hafifu".

WANAYOTUJIBU, NA TUNAYOWAJIBU

"Sisi sote tuko Uganda, kwa nini kujisumbua?" Nyinyi mko Uganda, na seva iko wapi? Seva za kukodi kwenye intaneti mara nyingi zinakuja zimewekwa UTC. Kompyuta ya mgeni aliyetua Entebbe jana inaweza kuwa bado na saa ya kwao. Simu iliyoko Kyangwali karibu na Ziwa Albert, au Kisoro karibu na Bunagana, inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kujirudisha nyuma lisaa limoja bila kumuuliza mwenyewe. Na sisi wenyewe, nani alituambia tutabaki nchi moja? Faili ya mkimbizi inatembea kuliko mkimbizi.

"Tunatumia Excel, inatosha." Excel inaitunza tarehe kama namba inayohesabu siku. Ndani ya hiyo namba hakuna nafasi ya ukanda wa saa. Kama Excel ndiyo mliyo nayo, hatuwalaumu, wekeni safu ya pili na muandike ndani yake Africa/Kampala. Ni dakika mbili za kazi.

"Databesi yetu inashughulikia yenyewe." Soma vizuri. PostgreSQL ina aina ya data inayoitwa timestamptz. Jina linadanganya macho: haitunzi ukanda wowote. Inapokea saa uliyoipa, inaigeuza kuwa UTC, na ule ukanda ulioleta inausahau. Ukiileta saa bila ukanda, inatumia ukanda wa kikao ulichofungua, uwe sahihi au la. Ni chombo kizuri kwa mambo yaliyotokea, lakini mahali lazima uyaandikie safu yao. MySQL nayo ina mbili: TIMESTAMP inageuza kuwa UTC na inakoma tarehe 19 Januari 2038, na DATETIME haigeuzi kitu, inaandika ulichoipa. Anayechanganya hizo mbili kwenye jedwali moja bila kuandika maelezo anamwachia mwenzake bomu.

"Hakuna bajeti ya kubadilisha mfumo." Hatujaomba mfumo mpya. Tumeomba safu moja na nidhamu. Gharama ya safu moja mnaijua. Gharama ya faili iliyosimama mnajua pia, ila hiyo hailipwi kutoka kwenye bajeti yenu.

Jibu la mwisho linatoka kwa wenzetu wenyewe, na tunaliheshimu: "Kwa nini saa yetu itunzwe kwa saa ya Wazungu?" Ni kweli, mstari wa Greenwich ulichaguliwa kwenye mkutano wa Washington Oktoba 1884, na mwezi uliofuata ukaanza ule mkutano wa Berlin ambao matokeo yake tunayaishi mpaka leo. Hatusahau. Lakini tuangalie kwenye mgao wa chakula. Ghala linaandika kilo. Mezani unapimiwa kwa kikombe, nyumbani unapima kwa bakuli lako. Kilo si ya kabila lolote, ni kipimo cha kuhakikisha kwamba kikombe cha hapa na kikombe cha pale havidanganyani. Ghala likianza kuandika "vikombe" bila kusema kikombe cha nani, anayeibiwa si tajiri. UTC iwe kilo ya ghalani. Lakini anayepewa karatasi apewe saa ya nyumbani kwake, kwa lugha yake. Hatuombi mtu yeyote kambini aanze kuhesabu UTC kichwani.

SAA MBILI NI SAA NGAPI?

Kuna mtego mwingine, huu ni wa kwetu, na mashirika mengi yanaupita bila kuuona. Anayehesabu kwa Kiswahili anahesabu tangu jua linapotoka. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Wanyarwanda na Warundi nao wanahesabu hivyo kwa lugha zao. Aliyesoma shule ya Kifaransa anaweza kuandika 2 na akamaanisha 02:00 au 14:00. Mhamasishaji wa afya anaandika kwenye daftari "homa ilianza saa 2". Mwingiza data, ametoka mji mwingine, anapiga 02:00. Daktari anasoma kwamba mtoto alianza homa usiku wa manane, kumbe ni asubuhi ya masaa sita baadaye. Hapo hakuna ukanda wa saa uliokosewa. Ni masaa sita yamepotea kati ya daftari na kibodi, na UTC haiwezi kuyarudisha, kwa sababu kosa liliingia kabla ya kompyuta kuwashwa.

Wengine wanatuambia tuache kuhesabu hivyo, eti ni ushamba. Hatuachi. Ni hesabu safi kabisa kwa watu wanaoishi karibu na ikweta, ambako jua halibadilishi sana saa zake mwaka mzima. Kinachotakiwa ni kuandika mbili pamoja: saa mbili asubuhi, 08:00. Mwenye macho ya Kiswahili asome la kwanza, mwenye macho ya mashine asome la pili, na yakigongana mtu aulize siku ile ile, si baada ya miaka mitatu.

Hali ni hiyo hiyo kwenye matangazo. "Mwisho wa kutuma maombi ni 30 Novemba, 23:59." Ya wapi? Kama ni ya Kampala, ni dakika moja kabla ya tarehe 1 Desemba kwetu. Kama ni ya Geneva, tuna mpaka saa nane kasoro dakika moja usiku. Kama ni ya New York, tuna mpaka saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe 1. Ni tofauti ya masaa nane, na kwa kijana anayesubiri umeme urudi au bando ishuke bei usiku, masaa nane ni maombi yaliyotumwa au maombi yasiyotumwa. Neno moja tu, jina la mji, lingetosha.

TUNACHODAI

Tunayaandika kwa namba ili mtu asiseme hakuelewa.

1. Kila jambo lililotokea lihifadhiwe kwa UTC, na safu ya pembeni itaje jina la ukanda, kwa mfano Africa/Kampala. Umbali kama +03:00 peke yake haukubaliki.

2. Siku ya kuzaliwa ihifadhiwe kama tarehe tupu. Isigeuzwe kwenda ukanda wowote, popote, na mtu yeyote. Kama imekadiriwa, iandikwe imekadiriwa.

3. Randevu ihifadhiwe kwa saa ya ukutani na jina la mahali. Karatasi tunayopewa mkononi iwe na hayo mawili.

4. Kila tangazo lenye saa liwe na mji. Kila saa kwa Kiswahili iwe na namba zake za mashine pembeni.

5. Orodha ya kanda za saa kwenye seva na simu za kazi isasishwe, na awepo mtu anayejulikana kwa cheo chake kuwa hiyo ni kazi yake.

6. Hili ndilo kubwa kuliko yote: tarehe mbili zikigongana kwa siku moja au pungufu, mfumo uchunguzwe kwanza. Aliyeketi mbele ya meza asiitwe mwongo mpaka seva imeulizwa iko wapi.

Kwa nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tunajua wengi wenu hamkuutengeneza huo mfumo, mmeukuta. Lakini mna kitu ambacho sisi hatuna, mnakaa kwenye vikao ambavyo mifumo inanunuliwa. Nendeni na swali moja tu: saa hii ni ya wapi? Mwuzaji akitoa macho, mmeshapata jibu.

Na kwa vijana wetu mnaojifunza kuandika programu, msikubali kuambiwa haya ni mambo madogo ya baadaye. Kabla hujasema programu yako imekamilika, ipe watu watatu. Wa kwanza amezaliwa 1 Januari 2008: mfungue ukiwa umeweka kompyuta kwenye saa ya Kampala, kisha ya New York, uone kama bado ni wa 2008. Wa pili amevuka saa nane na dakika kumi usiku: uone kama tarehe aliyovuka kwa saa ya Uganda inabaki 15. Wa tatu ana randevu Juba, iliyopangwa kabla ya Februari 2021 kwa siku ya baada yake: uone anaitwa saa ngapi. Programu ikiwashinda hao watatu, haiko tayari kubeba jina la mama yako.

Sambazeni kwenye magroup yenu, ya kambini na ya kazini. Na ukipewa karatasi yenye saa bila mahali, usiipokee kimya. Uliza, kwa heshima lakini kwa sauti: ya wapi?